Shakwe Mweupe wa Anoka

Jumatatu, 6 Januari

Viazi vya kuponda tena. Mikono inanuka siagi hata baada ya sabuni. Nimetoka jikoni shuleni saa nane na nusu, nikapita ziwani kabla ya kurudi nyumbani, mjini Hopkins. Upepo unakata masikio. Mabata bukini wamesimama kwenye barafu kama watu wanaongoja kuitwa benki. Kigogota mmoja, dume, kwenye mti uliokufa.

Nimetuma kwenye kundi letu la watazama ndege, kwa simu: kigogota mmoja, dume. Dale akauliza kama nina picha.

Picha ya kigogota. Ndege anayeonekana kila siku, kila mahali. Asubuhi mama mmoja wa Saint Paul alisema ameona bundi mzima, hana picha, wote wakamshukuru. Dale ndiye msimamizi wa kundi, na ndege anawajua, siwezi kumkatalia. Lakini mimi kila nikiandika kitu lazima aulize. Hawaulizi wengine. Au nahisi tu. Sijui. Nimekasirika, nikala mkate mzima wa ndizi aliooka binti yangu Rahma.

Alhamisi, 9 Januari

Sikutoka. Theluji. Mzee Kiwelu amepiga simu kuniambia tai mwenye kichwa cheupe amepita juu ya nyumba yao Roseville. Angeweza kuandika kwenye kundi, lakini hupenda kunisimulia kwa Kiswahili kwanza. Alinikuta ziwani majira ya baridi ya mwaka juzi nikiongea na simu, akasimama mbele yangu na darubini shingoni, akasema, "Wewe ni wa Mombasa, sauti yako inasema." Mtu wa Moshi, mpima ardhi mstaafu, anaishi kwa binti yake Neema. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kundi hili la watazama ndege. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika darubini bila kutetemeka. Kwangu mimi ni kama baba, ingawa sijawahi kumwambia.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeona shakwe wa barafu.

Naandika tena nijiamini. Shakwe wa barafu. Mweupe mwili mzima, anaishi kaskazini kabisa kule kusikoishi watu. Watu hapa wanatazama ndege maisha yao yote na hawajamwona.

Rahma alikuwa na mechi ya voliboli Anoka. Kati ya mchezo na mchezo nikatoka kunyoosha miguu mpaka mtoni. Katikati maji yako wazi, pembeni barafu. Ng'ambo ya pili, kwenye ukingo wa barafu, ndege mweupe. Si mkubwa. Kifua cha mviringo, kama njiwa, na kitabu kinasema hivyohivyo, kwamba shakwe huyu ana umbo la njiwa. Sikuwa na darubini, niliiacha nyumbani. Picha niliyopiga kwa simu ni nukta nyeupe juu ya weupe. Akaruka, akapotea nyuma ya daraja.

Nikaandika pale pale. Vidole vinauma kwa baridi lakini nikaandika. Simu haijanyamaza tangu hapo.

Dale: picha?

Kisha Mzee Kiwelu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, mbele ya watu wote: huyu dada ninamfahamu, amekulia Mombasa, shakwe anawajua tangu utotoni. Akisema ameona, ameona.

Nimekulia mtaa wa Majengo. Ndege niliyemjua utotoni ni kunguru, aliyekuwa akituibia sabuni uani. Shakwe nilimwona mara chache, na sikumjali. Nilitaka kusahihisha. Nikasema nitasahihisha baadaye. Nikaendelea kusoma wanavyonipongeza.

Rahma alishinda mechi. Sikuiona pointi ya mwisho.

Jumapili, 12 Januari

Nimekwenda Anoka baada ya alfajiri, mara hii na darubini. Magari yamejaa pale. Watu wamepanga darubini za miguu mitatu ukingoni kama wapiga picha wa harusi. Wakanijua. Mama mmoja mrefu, koti la kijani, akanikumbatia. Mwingine akanipa kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake. Wakataja jina langu lote, Mwanaisha, wakajitahidi kulitamka. Hata Dale alikuwepo. Akanipa mkono. Akasema kazi nzuri.

Hawakuwa wamemwona bado. Nikawaambia nitatembea upande wa daraja.

Chini ya daraja kuna njiwa. Kundi la njiwa wa kijivu, wamejikunyata kwenye vyuma, na katikati yao mmoja mweupe. Mweupe kabisa. Nikamtazama kwa darubini muda mrefu. Miguu myekundu. Midogo hivi, myekundu kama pilipili. Akashuka kwenye barafu, akatembea na kile kichwa chao cha kwenda mbele na nyuma, akasimama pale pale nilipomwona jana.

Njiwa. Njiwa wa mtu, pengine, aliyepotea.

Nilijua. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye kwamba sikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika.

Yule mama wa koti la kijani akanifuata nyuma. Akauliza kama kuna kitu. Nikasimama kati yake na daraja. Nikasema hapana, bado.

Nimerudi nyumbani nikapika pilau kama mtu aliyepata wageni. Sikuweza kula.

Jumatatu, 13 Januari

Watu wanaendesha gari kutoka jimbo la Iowa. Wengine Wisconsin. Wamelala hotelini kwa ajili ya njiwa.

Mchana Dale ameandika: hakuna mwingine aliyemwona, na aliyetoa habari bado hana uzoefu. Nilisoma nikiwa nimeshika sinia la kuku. Nikaona hasira, na hasira ikanifaa, kwa sababu ilifunika aibu. Nikajiambia, waache watafute, si walitaka picha.

Maneno ya kijinga. Nayajua.

Jioni nikaandika: samahani, nilikosea, ni njiwa. Nikasoma. Nikafuta. Nikaandika tena kwa Kiingereza kizuri zaidi. Nikafuta.

Jumatano, 15 Januari

Neema kanipigia wakati wa mapumziko. Baba yake ameshinda Anoka jana na leo. Anatoka na giza, anarudi na giza. Hasikii. Jana vidole vya miguu vilikuwa vyeupe, Neema akamkanda kwa maji ya vuguvugu, asubuhi huyo tena na darubini yake. "Dada Mwanaisha, mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Nikampigia.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona maji tu hapa."

"Rudi nyumbani. Baridi kali, na Neema ana wasiwasi."

"Nikimwona nitarudi. Hawa watu wanakusema, Mwanaisha. Nimesimama nao hapa, nawasikia wanavyokusema."

Hapo ndipo. Neno moja tu lilitosha. Lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Nikasema, "Basi vaa soksi mbili, Mzee."

Soksi mbili. Ndicho nilichomwambia.

Ijumaa, 17 Januari

Mzee Kiwelu ameandika kwenye kundi kwamba amemwona.

Leo mchana, ng'ambo ya mto. Ametua muda mfupi, miguu myeusi, mdomo wa kijivu wenye ncha ya manjano, kisha akaruka kuelekea kusini. Imeandikwa vizuri. Imeandikwa kama kitabu kinavyoandika.

Nilikuwa mbele ya mashine ya vyombo. Kwa muda mfupi nilitaka kuamini. Labda wako wawili, njiwa na shakwe. Labda Mungu amenisitiri. Kisha nikaelewa.

Nikatoka nje bila koti nikampigia.

"Mzee, umemwona kweli?"

Nasikia redio ya gari lake.

"Wewe ulimwona," akasema. "Inatosha. Sasa watakuacha."

Na kweli wameniacha. Dale ameandika pongezi. Kwa Mzee wote wanaamini, miaka yote hajawahi kusema kitu kisichokuwepo. Ameitoa heshima yake yote kwa mara moja, kwangu, kwa sababu anadhani mimi ni mkweli.

Nimesali isha vibaya. Nilisahau niko rakaa ya ngapi.

Jumapili, 19 Januari

Baridi ya kuua. Gari halikuwaka mara ya kwanza.

Dale ameposti picha. Nzuri, safi, karibu. Njiwa mweupe chini ya daraja, miguu myekundu, na pete mguuni ya mfugaji. Nyingine akiwa pale pale kwenye barafu. Hakuandika matusi. Ingekuwa afadhali.

Kwangu alikuwa mpole. Kosa la kawaida kwa anayejifunza, alisema, na ndege huyu kweli ana umbo la njiwa, tusimlaumu. Watu wakanitumia mioyo. Yule mama wa koti la kijani akaandika usijali mpenzi, sote tumewahi.

Kisha Dale akamgeukia Mzee. Kwa adabu, ndiyo inayouma. Akauliza: mtu mwenye darubini ya miguu mitatu na uzoefu wa miaka anaonaje miguu myeusi kwenye njiwa? Wengine wakaingia. Mmoja akasema sasa na yule bundi ambaye Mzee alimripoti mwaka jana tumwamini vipi. Mwingine, na wale mabata. Kufika jioni Dale ameandika kwamba taarifa zote za Mzee zinaondolewa kwenye kumbukumbu za kundi, na matembezi ya Februari ya wageni, yale ambayo Mzee huyaongoza kila mwaka na kuyangojea kama mtoto anavyongoja Idi, yataongozwa na mtu mwingine.

Mimi nimepewa mioyo. Yeye amevuliwa nguo.

Sikuandika neno. Nilikuwa nimeshika simu jioni nzima, moto mkononi, na sikuandika neno. Soni imenijaa mpaka kwenye meno.

Jumatatu, 20 Januari

Shule imefungwa kwa sikukuu. Nimekaa kitandani na mtandio kichwani, kama mgonjwa.

Rahma ameingia na chai akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini yeye. Pengine kwa sababu ana miaka kumi na sita na hajui bado kunionea huruma. Yeye Kiswahili anaelewa kila neno, lakini hujibu kwa Kiingereza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule mzee anajua kwamba mimi nilijua. Nikasema hapana.

Akasema, basi yeye anabeba mzigo wako na hajui kuna nini ndani.

Akatoka. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga taratibu, na mimi nikabaki naona haya mbele ya mtoto niliyemfunga nepi.

Jumanne, 21 Januari

Shule zimefungwa tena, baridi. Nimekwenda Roseville.

Neema kanifungulia. Hajui lolote, akanikaribisha kwa mikono miwili, akaniuliza chai au kahawa. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli. Mguu wa kushoto umefungwa bandeji. Daktari anasema vidole viwili vimeungua kwa baridi, kimoja bado hawajui kama kitapona. Nikaona na darubini yake, imekunjwa miguu, imeegeshwa kwenye pembe na uso ukutani.

Nilipanga maneno njiani. Yote yakapotea.

Nikapiga magoti kwenye zulia. "Mzee, nilijua ni njiwa."

"Sote tunajua sasa."

"Nilijua Jumapili ile. Siku ya pili. Niliiona miguu. Nikanyamaza."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, siku moja moja, kama alivyokuwa akipima ardhi. Uso ukabadilika polepole. Neema alikuwa amesimama na sinia mlangoni.

"Neema alipokupigia simu umwambie baba yake arudi," akasema, "ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipokwambia wanakusema."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukaniambia nivae soksi mbili."

Akageuka dirishani. Nje hakukuwa na kitu, uwanja mweupe na kigari cha taka. Nikasikia Neema anaweka sinia mezani, kikombe kinagonga sahani.

Mwisho akasema, bila kunitazama, "Uongo wangu niliusema mwenyewe. Huo hukunilisha wewe. Mtu mzima kama mimi." Kisha, "Nenda nyumbani, Mwanaisha."

Si mwanangu. Jina tu.

Neema hakunisindikiza mlangoni. Viatu vyangu nilivivaa nimeinama peke yangu, nikishindwa kufunga kamba.

Jumatano, 22 Januari

Nimeandika kwenye kundi. Asubuhi, kabla ya zamu, ndani ya gari, kabla sijapata muda wa kufuta.

Niliandika kwamba Jumapili ile niliiona miguu ya njiwa na nikaficha. Kwamba wote waliokuja kutoka mbali walikuja kwa sababu nilinyamaza. Kwamba Mzee Kiwelu alisema alichosema ili kunikinga, akiamini nasema kweli, na kwamba amekaa kwenye baridi mpaka akaumia. Kwamba sikukulia na shakwe. Nikaomba radhi. Kiingereza changu hakikuwa kizuri. Sikumpa Rahma arekebishe.

Mchana nimesoma majibu chooni. Mwanamume wa Wisconsin amenitukana, ni haki yake. Mama wa koti la kijani hakusema kitu, na hilo liliniuma zaidi. Mmoja akaandika kwamba watu wa huko kwetu hulindana, basi yeye hashangai. Kosa ni langu, la mtu mmoja, la kutaka kupongezwa. Sasa limekuwa la watu wa kwetu wote. La Mzee. La Neema, ambaye hata ndege hatazami. La Rahma.

Dale ameandika mistari miwili. Anashukuru kwa ukweli. Uamuzi kuhusu Mzee unabaki, kwa sababu alisema ameona kitu ambacho hakukiona.

Nilidhani nikikiri nitamrudishia. Sikurudisha chochote.

Jioni Mzee mwenyewe akaandika. Maneno machache. Alichosema Mwanaisha ni kweli. Nilichosema mimi kilikuwa uongo. Naomba radhi kwenu nyote.

Halafu akajitoa kwenye kundi. Na mimi nikajitoa.

Jumapili, 26 Januari

Simu kimya. Nimefua. Nimepaka wanja nikaufuta.

Darubini iko kabatini. Sitaki kuiona.

Alhamisi, 30 Januari

Jikoni mwenzangu kaniuliza kama yule ndege wangu adimu bado yupo. Nilimsimulia siku ile ya kwanza, kwa majivuno. Nikamwambia hakuwahi kuwepo. Akadhani natania. Nikamsimulia, huku tunamenya karoti. Akanipa karoti zake ndogo nimenye, zile rahisi.

Rahma ameanza kuongea nami kama kawaida. Nimeona haya hata kwa hilo.

Jumamosi, 8 Februari

Neema kapiga simu asubuhi. Sauti kavu. Kidole kimoja kimepona, kingine wamekata ncha. Daktari hataki Mzee aendeshe gari kwa sasa. Yeye Neema ana zamu wikendi yote. "Hajasema nikupigie," akasema. "Lakini amevaa koti tangu alfajiri na amekaa tu nalo hapo."

Nikaenda.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ndani, koti na kofia, kiatu kimoja cha kawaida na kimoja kipana. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Darubini kubwa nikaibeba mimi mpaka kwenye gari. Hakukataa.

Hatukwenda Anoka. Tulikwenda Saint Paul, pale mto haugandi kwa sababu ya maji ya moto ya mtambo wa umeme. Nikaegesha tukitazama maji, nikaacha injini ikinguruma tupate joto. Mvuke ulikuwa unapanda. Alifuta kioo kwa mkono wa koti, akafungua dirisha kidogo, akatazama. Akamimina chai kwenye kikombe chake akanywa. Baadaye akamimina tena, akaniwekea juu ya dashibodi, upande wangu.

Hakuniita mwanangu. Sikutarajia.

Kulikuwa na mabata wengi na mmoja pembeni, peke yake, amelala, kichwa kimefichwa kwenye bawa. Kahawia, au ni kivuli tu. Mzee akanipa darubini ya mkono.

"Yule nini?"

Nikamtazama sana. Nilitaka kujua. Nilitaka kumwambia kitu sahihi, kitu kimoja tu.

"Sijui, Mzee."

"Haya," akasema. "Tungoje aamke."

Tukangoja.